Bwana Mifugo na Kopo la Udongo

Mlangoni pa chumba chake cha tiba, upande wa kulia, palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo mwekundu, na kando yake jagi la plastiki. Siku ya kwanza nilidhani ni kopo la kuzimia sigara, nikakaa nikiwaza kama mzee anayevuta sigara karibu na spiriti ni mtu wa kujifunza kwake. Havuti. Alikuwa Mwislamu wa swala tano ambaye kazi yake, tangu asubuhi hadi jioni, ilikuwa kushika mbwa.

Kila alipomaliza na mbwa alitoka nje, akachota udongo kidogo, akausugua mikononi pamoja na maji, kisha akamiminiwa maji mara sita zaidi. Jumla mara saba, na alihesabu kwa sauti. Udongo aliuleta mwenyewe kutoka shambani kwake Mkuyuni, kwa sababu ule wa mjini, alisema, umekanyagwa na kila mtu. Kazi ya kumimina maji ilikuwa yangu.

Mjini Morogoro watu walimwita Bwana Mifugo, ingawa serikali ilishamstaafisha. Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumuuliza. Ukimwita daktari alikataa. Alisema daktari ana cheti ukutani, yeye ana makovu mkononi, na hapo angekunja shati akuonyeshe kovu la kila mbwa.

Nilifika kwake nikiwa na cheti na sina kovu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya tiba ya wanyama, ajira hazijatoka, nikaomba kujitolea. Lazima niseme ukweli kuhusu nafsi yangu, maana bila huo picha yake haitaeleweka. Mimi ni mtu wa mashaka. Nikifunga mlango narudi kuuangalia. Nikipiga hesabu ya dawa nairudia mara tatu, kisha nawaza kama betri ya kikokotoo ni nzima. Kwingine nilikojaribu kujitolea walichoka nami mwezi wa kwanza. Yeye hakuchoka. Alinicheka, akaniita Msomi, na akawaambia wateja kwamba amepata king'ora ambacho hakihitaji umeme.

Wiki ya kwanza alinipima. Alinawa akihesabu, "nne, tano, sita," kisha akairudisha mikono na kunitazama. Mimi nilikuwa nimehesabu sita pia. Lakini nikawaza, labda moja kaihesabu moyoni. Na mimi ni nani, mtoto niliyekulia kwenye kwaya ya parokia, nimfundishe mzee twahara yake? Nikanyamaza na jagi mkononi. Alingoja mpaka kuku akavuka uwanja mzima.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Sita."

"Mbona hukusema?"

"Sikuwa na hakika."

"Hakika utaikuta kaburini," akasema, akainyoosha tena mikono.

Tangu hapo, mara mojamoja, aliishia sita kwa makusudi, nami nikawa nasema, "Bado moja, mzee." Nilisema haraka na kwa kujiamini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kusema ukijua unapimwa si kusema.

Wengi mjini hawakujua kwamba mbwa anaweza kumtolea mbwa mwenzake damu. Walikuja tu wakiwa wamekata tamaa. Kuna mbwa waliopasuliwa na nguruwe pori wakilinda mahindi kwenye miteremko ya Uluguru, na wengine waliomalizwa na homa ya kupe hadi fizi zao zikawa nyeupe kama ugali. Aliwahi pia kuletewa sungura na mtu aliyedhani damu ya mbwa ingemfaa. Alimweleza kwa upole kabisa kwamba hapana, na mtu yule alipoondoka, mzee akacheka hadi akakaa chini.

Friji ya kuhifadhia damu hakuwa nayo. Alikuwa na benki inayotembea kwa miguu, yaani mbwa wanne wa mtaani wenye afya, wamechanjwa, wazito, watulivu, ambao wenye nao walikubali. Mkubwa wao aliitwa Kamanda, na alikuwa wa mwenye kitimoto. Hapo ndipo mtaa mzima ulipocheka. Shehe wa mbwa, kama mwenye kitimoto alivyomwita, alikuwa anategemea mbwa aliyenona kwa mifupa ya nguruwe.

"Leo umekuja kuonja?" mwenye kitimoto angemuuliza akimwona getini.

"Nimekuja kumwondoa kiumbe wa Mungu kwenye moshi wako," angejibu Bwana Mifugo, na angesimama nje ya geti mpaka Kamanda aletwe.

Alikuwa na sheria zake. Mbwa hatoi damu kama mwenye naye hayupo kumshika kichwa. Na kabla ya sindano, mtoaji lazima aambiwe damu inakwenda kwa nani. Aliinama sikioni kwa Kamanda akamweleza taratibu, kwamba kuna mwenzako wa Mlali kapasuliwa ubavu, ana watoto wadogo wa bwana wake anaowalinda, vumilia kidogo. Nilimuuliza kama anaamini mbwa anaelewa. Alisema hajui, ila yeye mwenyewe ndiye anayehitaji kusikia.

Kisha alinyoa. Kwa mtoaji alinyoa shingoni, kwa mpokeaji mguu wa mbele. Alitumia wembe, na alinyoa kwa pembe nne zilizonyooka kama fundi cherehani anayekata kiraka. Mfuko wa damu ulining'inia kwenye mizani ya wauza samaki ili ajue umefikia uzito gani, na mimi niliutikisa polepole damu isigande.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja sheria niliyoipenda kuliko zote. Mbwa mmoja akishampa mwingine damu, wenye mbwa hao walikuwa watani. Si kwa maneno tu. Aliyepokea alipaswa kwenda nyumbani kwa aliyetoa, amepeleka chochote, na akubali kutukanwa. Watu walicheka lakini walitii, kwa sababu utani huku kwetu si mchezo wa maneno peke yake, ni ahadi. Mtani anakucheka ukiwa hai, na ndiye anayekuzika ukifa. Kuna bibi mmoja wa Kinole, mkulima wa nanasi na karafuu, ambaye mbwa wake alipewa damu ya Kamanda wakati mimi nimekwenda Dodoma kwenye usaili wa kazi. Niliporudi nilikuta mananasi matatu kwa mwenye kitimoto. Akayasifu sana, kisha akasema yule bibi alimwambia nyumba yake inanuka. Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu aliyepata ndugu.

Mambo yake mengine hayakulingana. Aliwagombeza vikali wanaolisha mbwa pilipili ili wawe wakali, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumpapasa mbwa bila sababu ya tiba, na nyumbani kwake mbwa hakukanyaga hata uwanja. Mwenyewe aliogopa paka waziwazi. Alinidai niseme kila ninachokiona, ilhali yeye alikuwa bingwa wa kuficha. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Hakuniambia, ila niliona anavyoisogeza sindano dirishani, na anavyolishika daftari mbali, kisha kunipa: "Nisomee, Msomi, mwandiko wangu umeharibika." Mwandiko ulikuwa safi kabisa. Nilisoma bila kusema kitu. Hiyo nayo ilikuwa mara moja ya kunyamaza, nikihesabu vizuri.

Daftari hilo lilikuwa roho ya kazi. Kila aliyepokea damu aliandikwa humo jina la mbwa, mwenye naye, anakotoka, na damu ya nani. Sababu aliieleza kwa lugha yake. Mara ya kwanza mwili wa mbwa humkaribisha mgeni. Mara ya pili humuuliza aliondokaje. Damu ngeni ikishaingia mwilini haisahauliki, na ikirudi inaweza kukuta imewekewa silaha. Kwa hiyo mbwa wa mara ya pili hapewi mpaka damu zilinganishwe. Unaweka tone na tone juu ya kioo, unasubiri, kisha unaangalia kama zimechanganyika au zimekatika kama maziwa mabovu. Kazi yote huchukua kama nusu saa. Kwa mbwa wa mara ya kwanza, akiwa mahututi, hakusubiri.

Siku ninayoiandika hapa, ilikuwa mchana, jua kali. Kijana mkulima wa mpunga alifika kwa bodaboda kutoka Dakawa na mbwa wa kahawia ndani ya tenga. Mbwa hakuweza kuinua kichwa. Homa ya kupe. Fizi hazikuwa na rangi yoyote.

Bwana Mifugo alimuuliza jina la mbwa, akasema Salama. Akamuuliza kama amewahi kuongezewa damu. Kijana akashangaa kwamba kuna jambo kama hilo, akasema hapana, mbwa amefika kwake wakati wa kupandikiza mpunga, na tangu hapo hakuwahi kuugua. Niliangalia daftari ukurasa kwa ukurasa. Hapakuwa na Salama, wala mbwa yeyote wa Dakawa. Kamanda akaletwa, mwenye kitimoto akamshika kichwa, mfuko ukajaa.

Mimi nilipewa kuandaa mguu. Nilipoupaka spiriti, nywele zikalala, nikaona juu kidogo ya kifundo mahali ambapo nywele zilikuwa fupi na zimepauka. Zilikuwa na pembe nne. Nywele za mbwa huota vibaya kwa sababu nyingi, nikajiambia. Kamba, kidonda, moto. Lakini kidonda hakina pembe. Wembe ndio wenye pembe.

Niliweka kidole pale. Hapo kichwa changu kikafanya kazi yake. Kijana amesema hapana. Daftari limesema hapana. Mzee amesema twende. Nikisema, tutasubiri nusu saa, na huyu nusu saa hana, na akifa tukisubiri atakuwa ameuawa na mashaka yangu, na mwenye kitimoto atakuwa shahidi, na kijana atarudi Dakawa akisimulia juu ya msichana aliyeogopa kiraka cha nywele. Nilifikiri yote hayo, mimi ninayerudi kuangalia mlango mara tatu, na nikaondoa kidole.

Bwana Mifugo akafungua mrija.

Dakika chache tu mbwa akaanza kutetemeka. Akatapika. Mkojo ukatoka mwekundu kama maji ya rosela. Mzee aliufunga mrija, akachoma dawa aliyokuwa nayo, akampa maji ya mshipa, akapiga magoti sakafuni na kusema naye sikioni. Kabla ya adhana ya alasiri mbwa alikuwa amekufa.

Kijana alimpigia simu mama yake, akaiweka sauti kubwa. Alimwambia, mama, Salama ameondoka. Upande wa pili sauti ya mwanamke mzee ikasema, polepole, kwa lafudhi ya mlimani, "Chui wangu."

Nilijua kabla hajamaliza, maana jina hilo nilikuwa nimelipita daftarini. Alikuwa bibi wa Kinole. Alieleza akilia kwamba mbwa alipopona ile mara ya nguruwe pori, alimbadilisha jina, maana kwao aliyerudi kutoka mlangoni pa kaburi haitwi tena jina lile, ugonjwa usije ukamtambua. Kisha akampeleka kwa mwanawe bondeni, kukaa mbali na nguruwe. Alimficha vizuri. Hata sisi alituficha.

Bwana Mifugo aliniambia nisome daftari. Nikasoma. Chui, Kinole, damu ya Kamanda. Aliichukua simu mkononi mwa kijana.

"Mama, ni mimi," alisema. "Kosa ni langu."

Nilisimama nyuma yake nimeshika pamba. Pamba ile ilikuwa na spiriti bado.

Aliyechimba kaburi nyuma ya chumba, karibu na mpapai, alikuwa mwenye kitimoto. Hakuna aliyemwomba. Alisema mtani ndiye anayezika, akavua shati. Na kwa kuwa mtani lazima atukane, alitukana, huku machozi yanamtoka: "Mwizi wewe. Umekunywa damu ya mbwa wangu mara mbili na hujarudisha hata tone." Kijana wa Dakawa alicheka, kisha akalia kweli. Bwana Mifugo alinawa siku hiyo bila kuhesabu kwa sauti. Nilimimina hadi jagi likaisha.

Hakupokea tena mbwa wa kuongezewa damu. Miezi michache baadaye alifunga chumba akahamia Mkuyuni. Mimi nikapata kazi kwenye duka la dawa za mifugo, nauza dawa za kuku na za kuogeshea ng'ombe, na ninasoma maelekezo ya chupa mara nyingi kuliko wanunuzi wanavyopenda. Kutoka mlango wa duka naiona milima. Watu wengine wanaona ukungu na kijani. Mimi naona mashamba yaliyofyekwa kwenye miteremko, moja hapa, moja kule, yamepauka, yana pembe nne. Kuna asubuhi nageuza kiti nikae nimeipa milima mgongo.

Nilimwandikia mzee ujumbe wa simu mara nyingi. Niliusoma, nikaurekebisha, nikaufuta. Ilipita miaka miwili hivyo. Nilitaka kumwambia kitu kimoja tu, kwamba nilikiona kile kiraka, na kwamba kosa alilolitaja kwenye simu hakulitenda peke yake. Niliogopa kwamba huenda hajui, nami nitamvunja moyo. Kisha nikaogopa zaidi kwamba anaweza kufa hajui, nikabaki nalo mimi tu.

Masika hii nilikwenda. Njia ya Mkuyuni ilikuwa tope, gari lilikwama mara mbili. Nilimkuta amekaa kizingitini anamenya mdalasini kwa kisu kidogo, na miguuni kwake, ndani ya uwanja ambao mbwa hakuwahi kukanyaga, amelala Kamanda. Amezeeka, mdomo umekuwa mweupe. Mwenye kitimoto alihamia Dar, akamwacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Msomi."

Alitabasamu. Jicho moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji, jingine bado. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za kazi, habari za mvua, habari za kuku wa mjini. Aliniambia Kamanda ana kidonda sikioni na kwamba analazimika kumpaka dawa kila siku, kwa hiyo kopo la udongo limepata kazi tena. Nilijibu kila swali na sikukumbuka nilichojibu. Mwishowe nikasema, nikiangalia mdalasini.

"Mzee, siku ile niliona alama. Mguuni. Nywele zilizonyolewa. Niliiona kabla damu haijaingia."

Kisu hakikusimama.

"Najua," akasema.

"Uliiona?"

"Mimi siku zile nilikuwa sioni hata ncha ya sindano. Nilikuona wewe. Uliweka kidole, ukakitoa. Nikasema moyoni, huyu anayeogopa hata kivuli cha jagi, kungekuwa na kitu angesema. Ukanyamaza. Nikafungua mrija."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni mahali njia inapogawanyika. Nilisubiri aendelee, aseme basi usijali, aseme umri wako ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kichwani mwangu kwa sauti yake kwa miaka miwili.

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Ni wewe. Na ni mimi, niliyechukua woga wa mtoto wa watu nikaufanya macho yangu, nisimwambie. Hayo mawili hayafutani."

Kamanda aliinuka, akajinyoosha, akalala upande mwingine. Niliuliza kama bibi anajua. Alisema bibi anajua alichoambiwa kwenye simu, na kwamba kila msimu wa mananasi humletea moja na kumtukana, jambo ambalo si haki yake, maana utani ulikuwa wa wengine. Kisha akasema, kama anazungumzia hali ya barabara, "Kinole si mbali. Na hakunyeshi."

Alipaka dawa sikio la Kamanda, akimwambia taratibu kwamba itauma kidogo. Alipomaliza akanyoosha mikono juu ya mchanga. Kopo lilikuwa lilelile, limeshika kutu. Nilichukua jagi bila kuambiwa.

"Moja," akasema, akisugua udongo. "Mbili. Tatu." Maji yalikuwa baridi, ya mlimani. "Nne." Kamanda alitikisa kichwa, matone ya dawa yakaruka, mzee akageuka kumgombeza, akarudisha uso. "Tano," akasema, nami nikamimina. Nikamimina tena, na yeye akasema, "Saba," akaikung'uta mikono, akaanza kuifuta kwenye kanzu.

Nilimtazama. Hakuwa ananitazama. Hakuwa anangoja kuku avuke. Alikuwa mzee tu aliyemaliza kunawa, na swala ya adhuhuri ilikuwa karibu. Nikawaza, labda alihesabu moja wakati anamgombeza mbwa. Labda mimi ndiye niliyeruka. Jagi lilikuwa bado na maji.

"Bado moja, mzee," nikasema.

Akasimama na mikono kwenye kanzu.

"Una hakika?"

"Sina," nikasema. "Lakini bado moja."

Akainyoosha mikono.